Aliyepanda Mnara Kabla ya Shahada

Macerata, 3 Aprili

Mvua. Nimehamisha kitanda changu kutoka ukuta huu hadi ule, na sasa kichwa changu kiko chini ya dirisha linalovuja. Kesho nakirudisha.

6 Aprili

Mvua tena. Debora anasema nina siafu kwenye makalio, ndiyo maana siwezi kuketi hadi ukurasa mmoja wa kitabu uishe. Yeye anasoma lugha, chumba chake kinatazamana na changu, na anaweza kukaa na kamusi tangu asubuhi mpaka jioni bila hata kujikuna. Namwonea wivu, ila sitampa raha ya kulijua hilo.

Mwenzetu wa tatu, Saverio, alikuwa jikoni anakaanga biringani. Ni mtu wa Bitonto, kusini huko, anasoma sheria, na ndiye atakayetangulia kumaliza. Tarehe kumi Julai anatetea tasnifu yake, sisi wawili tutafuata Novemba Mungu akijalia. Nyumba nzima inanukia mafuta ya zeituni ya kwao. Nikamwambia, "Wewe mbona huna presha? Mimi ningekuwa na tarehe ya Julai, sasa hivi ningekuwa natafuna kuta."

"Tasnifu inaiva, Noemi," akasema. "Kama hizi biringani. Ukizigeuzageuza zinavunjika."

Nikacheka, kisha nikakasirika kwamba nimecheka. Watu watulivu wananiudhi.

10 Aprili

Mama yake Saverio amenipigia simu. Hunipigia mimi kwa sababu mwanawe hapokei. Anaitwa Mama Imma, na sauti yake ni ya kuita mtu aliye ng'ambo ya shamba, kwa hiyo ukishapokea unaisogeza simu mbali na sikio.

"Binti yangu, niambie ukweli, anakula huyo?"

"Mama, anakula kutuzidi wote."

"Haya. Sasa sikiliza. Ukumbi nimeuchukua, ule wa kwa Peppino. Ukoo mzima unakuja, hata binamu zake wa Ujerumani. Lozi nimeshaagiza."

Lozi za sukari nyekundu hizo, za kumgawia kila mgeni siku mtoto anapopata shahada. Akanieleza vifuko vitakuwa vya kitambaa gani na riboni ya rangi gani, nami nimesimama kwa mguu mmoja, soksi ya pili mkononi. Mwanamke huyu hana breki.

14 Aprili

Sijasoma kitu. Nimepanga viatu vyangu upya.

19 Aprili

Debora ametoa wazo. Sikukuu ya Ukombozi mwaka huu inaangukia Ijumaa, na shangazi yake, Ines, ana vyumba vitupu Bologna. "Twendeni," akasema. "Au tukae hapa tuote ukungu?"

Kabla sijafungua mdomo Saverio alishasema twende.

"Na tasnifu?" nikamwuliza.

"Iko kwa profesa."

"Profesa gani huyo? Mbona humtaji jina?" Sikuuliza kwa ubaya. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutunga mashairi ya kumdhihaki, yale ambayo rafiki zako hukulazimisha kuyasoma barabarani kwa sauti siku yako ya shahada huku wakikupaka mayai, na nilitaka jina la profesa nilitafutie kina.

Akanibusu paji la uso akatoka kwenda kununua mkate. Mkate ulikuwapo mezani, mzima.

Bologna, 25 Aprili

Tumesimama kwenye treni mpaka Rimini. Mvua imetufuata, lakini Bologna mvua haikusumbui, unatembea chini ya matao tangu kituoni hadi mlangoni kwa mwenyeji wako. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Machi. Miguu yangu ilipata kazi.

Tulipofika uwanja mkubwa Debora akatukamata mikono. "Pembeni! Piteni pembeni! Mwanafunzi hakatizi katikati ya uwanja huu kabla hajapata shahada."

"Huo mwiko ni wa wanafunzi wa hapa," nikamwambia. "Sisi ni wa Macerata."

"Nuksi haiulizi kitambulisho."

Basi tukazunguka uwanja wote kwa pembeni, mimi nanung'unika, yeye ananisukuma. Kufika ng'ambo tukamkuta Saverio anatusubiri. Alikuwa amekata katikati moja kwa moja, mikono mfukoni, akiwapita njiwa.

"Umelaaniwa wewe!" Debora akamtandika begani. "Rudi! Rudi kinyumenyume kama ulivyokuja!"

"Nimechoka, nitarudi kesho," akasema, nasi tukacheka sote watatu. Nilimwonea gere kidogo. Mimi ninayejidai siamini mambo hayo nilizunguka.

Shangazi Ines ametupa supu yenye tortellini, tambi zilizojazwa nyama, na kutukataza kuacha hata moja kwenye bakuli. Nimekula mpaka nimevua mkanda.

Bologna, 26 Aprili

Naandika jikoni kwa shangazi Ines huku wenzangu wakibishana barazani. Nitaandika yote.

Asubuhi mvua ilikatika. Tukatembea mpaka tukajikuta chini ya ile minara miwili, mrefu na mfupi. Huo mrefu hakuna mwanafunzi katika nchi hii asiyeujua. Ukiupanda kabla ya kumaliza chuo, humalizi. Nimeona vijana wa fizikia, wasioamini hata Mungu, wakipita pale chini wanatazama viatu vyao. Wanaoupanda ni watalii, wazee, na wale waliokwisha kumaliza chuo na kuvishwa taji la majani kichwani.

Tulisimama kutazama juu, basi. Saverio akavua mkoba wake akanipa. "Shika. Ngojeni hapo, nakuja sasa hivi."

Akaenda kujipanga nyuma ya Wajerumani fulani wenye makoti ya mvua.

Debora alidhani ni utani kama wa jana. Alipomwona amefika mlangoni akamkimbilia na kumkamata koti. "Savè, basi. Yatosha. Umetuchekesha."

"Niachie, Debora."

"Bado miezi miwili tu, mwendawazimu wewe! Miezi miwili! Baada ya hapo panda hata ukalale huko juu, nani atakukataza?"

"Niachie, nimesema."

Akamwondoa vidole kwenye koti, kimoja kimoja, polepole, wala hakuwa na hasira. Alimtazama Debora kama mtu anayemhurumia. Kisha akaingia.

Debora akaketi kwenye ngazi akalia, kulia kwelikweli, kamasi na kila kitu. "Anajitafutia mkosi," alikuwa anasema. "Anajitafutia mkosi na mama yake keshafunga lozi." Nikamwita mjinga. Nikamwambia mnara ni matofali, na matofali hayajui nani kamaliza chuo. Lakini sikuweza kusimama mahali pamoja. Nikaanza kuuzunguka ule mnara kwa chini, na mkoba wake begani kwangu.

Nikajiuliza: mimi nisiyeamini, mbona sijapanda? Nilijua jibu. Kwa sababu nina Novemba. Nimeisotea hiyo Novemba miaka mitano, na hata kama nuksi ni upuuzi mtupu, siichezei Novemba yangu ili nione paa za watu. Hakuna mwenye tarehe anayeichezea. Hata wanaobeza wanabeza wakiwa chini.

Basi nani anayepanda bila hata kusita? Ni mtu ambaye hana tarehe.

Hapo nikasimama. Nikakumbuka mkate aliokwenda kununua na mkate upo. Nikakumbuka kwamba nimekaa na mwanasheria mtarajiwa mwaka mzima sijawahi kumsikia akilalamika juu ya profesa wake, na nani asiyelalamika juu ya profesa wake? Nikajiambia, Noemi, acha, una kichwa kibovu, ni mvua hizi.

Akashuka uso mwekundu, anahema, anatabasamu. "Mji wote ni mwekundu ukiutazama kutoka juu," akasema. Debora akampa mgongo. Mimi nikampa mkoba wake na nikashindwa kumtazama machoni.

Bologna, 27 Aprili

Nimemwuliza.

Tulikuwa tunapanda kwenda kanisa la San Luka, chini ya yale matao yasiyoisha, Debora yuko mbele mbali, anawahi kuwasha mshumaa wa kuondoa nuksi ya jana. Mvua inapiga pande zote mbili. Nikasema, "Saverio, tarehe kumi Julai kuna nini?"

Akaendelea kupanda.

"Nimekuuliza."

"Hakuna kitu," akasema. "Tarehe kumi Julai hakuna kitu."

Kisha akasema yote, mfululizo, bila kusimama. Mwaka wa tatu alianguka mtihani mmoja. Akarudia, akaanguka. Akarudia tena. Mara ya nne alifika mpaka mlangoni mwa chumba cha mtihani, akasikia jina lake linaitwa, akageuka akaenda kunywa kahawa. Siku hiyo mama yake akapiga. "Umepita?" Na neno ndiyo likatoka lenyewe. Alidhani atalirekebisha wiki inayofuata. Wiki inayofuata mama akauliza mtihani mwingine. Tangu hapo hajafanya hata mmoja. Hakuna tasnifu, hakuna profesa. Tarehe kumi Julai aliitoa kichwani siku ya Krismasi, mjomba wake alipomwuliza mbele ya watu unamaliza lini.

"Na mnara?" nikamwuliza. "Mnara ulikuwa wa nini?"

Hapo ndipo aliposimama. "Nilidhani mtaniuliza. Nilisema moyoni, hawa wananijua, wakiniona napanda wataelewa, wataniuliza. Nikashuka. Debora analia, wewe umenuna. Hakuna aliyeuliza."

Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia, sikufanya lolote. Akaniapisha nisimwambie Debora wala mama yake. "Nitawaambia mwenyewe. Jumapili ijayo nitapiga simu niwaambie." Nikaapa. Nimeapa kwa sababu nimeogopa. Tunasoma magazetini, kila mara kuna kijana wa namna hii mahali fulani, amealika ukoo kwenye mahafali ambayo hayapo, na siku ikifika hapatikani, au anapatikana hana uhai. Nilitembea nyuma yake mpaka juu nikiutazama mgongo wake.

Macerata, 4 Mei

Jumapili. Hakusema. Eti baba yake alikuwa na mafua.

7 Mei

Mama Imma. Amenunua gauni mjini Bari, buluu. Baba yake Saverio, Mzee Cosimo, ambaye hajavaa tai tangu siku ya harusi yake, amekubali kuvaa tai.

"Mbona umenyamaza, binti yangu?"

"Nina mtihani, mama."

"Basi kula kwanza, ndipo usome. Na yeye, anasoma?"

Zamani nilikuwa namwona mpayukaji tu. Leo nimesikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Kabla ya kila swali linalomhusu mwanawe anavuta pumzi. Anaogopa jibu, mwanamke huyu, ndiyo maana anapiga kelele.

Nikamwambia anasoma. Nimeshindwa kula chakula cha jioni.

11 Mei

Jumapili. Hakusema. Walikuwa na wageni.

12 Mei

Nimekihamisha kitanda.

18 Mei

Jumapili. Leo alipiga simu kweli. Nilibana sikio mlangoni bila haya. "Ndiyo, mama. Ndiyo. Ndiyo, mama. Buluu nzuri." Akatoka na macho makavu. "Alikuwa na furaha sana," akasema. "Ningeanzia wapi?"

Nikamrushia kiatu. Kimempata gotini.

25 Mei

Jumapili. Sikuuliza.

30 Mei

Debora amenibana bafuni nikipiga mswaki. "Wewe na Saverio kuna nini? Mnatazamana vibaya. Mmeanza kulala pamoja au mmeachana?"

"Hapana na hapana."

"Basi ni nini? Zamani mlikuwa mnaniudhi kwa vicheko."

Nilitema povu nikapita. Kusema kweli nimeanza kumchukia Saverio. Anafua, anapika, anaimba akimenya vitunguu, na mimi ndiye nisiyelala. Amenitwisha gunia lake halafu yeye anatembea mikono mitupu. Halafu jana nilipita mlangoni kwake mchana nikamwona ameketi kitandani na viatu miguuni, anautazama ukuta, na nilipopita tena baada ya kuoga alikuwa bado vilevile. Chuki ikanitoka, na woga ukarudi.

5 Juni

Garbino. Upepo huu ukishuka kutoka milimani joto linaingia hata kwenye mito ya kulalia, milango inajibamiza, mbwa wanagombana, na mwenye duka la chini amemtukana mteja wake wa miaka yote. Siwezi kusoma. Nimetembea mpaka ukuta wa mji na kurudi, nikaenda tena. Mama Imma amepiga mara mbili, sikupokea. Sasa nimekuwa kama mwanawe.

8 Juni

Jumapili. Nimemwambia: wewe au mimi. Akasema, "Nipe wiki moja." Garbino bado inavuma.

12 Juni

Leo nimepata kiama changu hapahapa duniani.

Saverio alitoka kabla sisi hatujaamka. Kitanda kimetandikwa, yeye ambaye hatandiki. Simu imezimwa. Nilijaribu kunywa kahawa nikamwaga. Saa nne nikamwambia Debora kila kitu, kiapo nikakitupa, na Debora, ambaye nilimwita mjinga chini ya mnara, hakulia wala hakuniuliza kwa nini nilimficha. Alivaa viatu. "Wewe nenda chuoni, mimi naenda kituo cha treni," akasema. Basi.

Nilikimbia katika upepo ule wa moto, vumbi mdomoni. Maktaba, hayupo. Kantini, hayupo. Nilimwuliza kila niliyemjua na niliowauliza wakanitazama, maana nilikuwa nimevaa shati ndani nje. Nilikwenda mpaka ule ukuta wa mji wenye bonde chini yake, nikachungulia. Sitaandika nilivyojisikia nilipochungulia. Hakukuwa na kitu, nyasi tu na paka.

Kisha nikasikia makofi. Yalitoka kwenye ukumbi wa kitivo cha sheria, leo walikuwa na siku ya utetezi wa tasnifu, na utetezi ni wa kila mtu, mlango unakuwa wazi. Nikaingia. Wazazi na mabibi wamejaa, wanajipepea kwa chochote. Msichana mmoja amesimama mbele ya maprofesa, wanamtangazia alama zake, mama yake anapiga mayowe. Na kule safu ya mwisho, kiti cha pembeni, Saverio, shati jeupe lililopigwa pasi, anampigia makofi.

Nikaketi kando yake. Sikuwa na pumzi ya kumtukana.

"Niko hapa tangu asubuhi," akasema kwa sauti ndogo. "Nawapigia wote. Yule wa kwanza hakuwa na ndugu hata mmoja, baba yake alikosa treni. Nilimpigia kwa nguvu."

"Saverio. Simama."

"Bado watatu."

"Simama, nakuambia. Tunakwenda Bitonto kesho. Wewe na mimi. Utasema nikiwa nimeketi hapohapo, na usiposema nitasema mimi, halafu ukitaka usinisemeshe maisha yako yote. Nitakubali. Mradi uwe na maisha ya kuninunia."

Wakati huo msichana mwingine alikuwa anaitwa. "Nikisema watakufa," akasema.

"Hawafi. Wewe ndiye unayekufa, nimekuona."

Alilia palepale, na bibi mmoja wa safu ya mbele akageuka akampa kitambaa, akadhani ni furaha.

Bitonto, 13 Juni

Treni ilipita kando ya bahari na hatukuitazama. Debora ametufungia mikate ya njiani, hakuna aliyekula.

Mama Imma alifungua mlango na kitambaa cha vyombo mkononi. Ni mfupi kuliko sauti yake. "Mmekuja? Leo? Nani kafa?" Kisha akacheka, akatubusu, akamshika mwanawe mashavu. "Umekonda. Noemi, hukuniambia amekonda." Akaongeza maji kwenye sufuria bila kutuuliza kama tuna njaa. Mzee Cosimo akatoka bustanini, akanawa, akaketi. Tukapewa tambi za orecchiette zenye nyanya, za kumwagika sahani.

Saverio hakushika uma.

"Mama. Baba. Hakuna mahafali."

"Wameahirisha?" mama akauliza.

"Hapana."

"Wameahirisha mpaka lini?"

"Mama, hayakuwahi kuwapo. Sijafanya mtihani tangu mwaka wa tatu. Niliwadanganya."

Mzee Cosimo akaweka uma chini. "Krismasi ulikaa hapo," akasema, akionyesha kiti. "Krismasi zote hizo ulikaa hapohapo, ukala, ukanitazama." Mzee akainuka akarudi bustanini, na tangu hapo hakusema tena na mtu yeyote.

Mama Imma hakumgusa mwanawe. Alinigeukia mimi.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mama. Tangu Aprili."

"Nilipokuwa nakupigia simu ulijua?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa, akaanza kuondoa sahani zilizojaa. Amenitandikia kitanda vizuri, shuka zina harufu ya sabuni, lakini hajaniita binti tena. Nimeumia kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimezoea.

Bitonto, 14 Juni

Asubuhi Mama Imma amevaa viatu vya kutokea, amechana nywele. Simu ya nyumbani iko ukumbini, juu ya meza ndogo. Akavuta kiti akakiweka mbele yake. "Keti hapo," akamwambia Saverio. "Nitawaambia mmoja mmoja, na wewe utasikia."

Mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni. Kuondoka sikuweza, kukaa sikuweza.

Akaanza na dada yake. "Nunzia? Hakuna karamu. Saverio ametudanganya. Ndiyo. Ametudanganya mimi na baba yake, miaka yote hii, hakuna shahada wala nini." Akakata. Akampigia Peppino wa ukumbi. "Hakuna karamu, Peppino. Mwanangu ametudanganya." Akapiga tena, na tena. Kila simu maneno yaleyale, ametudanganya, ametudanganya, na kila likisemwa Saverio anajikunja kwenye kile kiti. Nilitaka kumwambia mama basi, imetosha. Lakini nyumba si yangu, na nina deni langu kwake.

Kisha akampigia wifi yake mmoja anayeitwa Rosaria. Akasema maneno yake. Huko upande wa pili wakajibu kitu kirefu. Nikaona shingo yake inapanda damu.

"Unasemaje?" akasema. "Hebu rudia. Alikuwa hana akili tangu mdogo? Nani? Rosaria, mwanao wewe kamaliza nini? Kamaliza akiba ya baba yake, basi! Koma kabisa. Mwanangu ana akili kuliko ukoo wenu mzima." Akaibamiza simu. Akakaa akihema, mkono kifuani.

"Noemi, maji," akasema bila kunitazama.

Nikampa. Akanywa. Akapiga simu nyingine, na hii ilikuwa tofauti. "Assunta, karamu haipo. Saverio hajamaliza chuo." Hajamaliza, basi. Iliyofuata: "Hajamaliza, ndiyo. Hapana, si mgonjwa. Yuko hapa mbele yangu." Na baada ya hiyo, Ujerumani, kwa sauti yake ya kuita mtu ng'ambo ya shamba: "Msije, karamu hakuna! Hapana, hakuna msiba! Mwanangu yupo! Nasema yupo, mzima, amekaa hapa!" Na aliposema hivyo mara ya pili sauti ikamkatika, akaziba mdomo kwa kiganja. Nadhani ndipo alipoelewa ni kitu gani ambacho kingeweza kutokea. Mimi nilikuwa nakielewa tangu yale matao ya San Luka.

Alipobaki wa mwisho hakupiga. Alishika simu, akabonyeza tarakimu, akakata. Akabonyeza, akakata.

"Nani?" nikauliza.

"Mama yangu. Yuko Giovinazzo. Anasali kila siku asife kabla ya kumwona mjukuu wake amekuwa msomi." Akaweka simu mapajani. "Huyu siwezi."

Saverio akanyoosha mkono akaichukua. Akabonyeza mwenyewe. Iliita sana huko, bibi mzee hutembea polepole.

"Bibi? Ni mimi, Saverio. Hapana, si mama, ni mimi. Kaa kitini kwanza. Umekaa? Bibi, mimi sijamaliza chuo. Niliwaambia uongo. Sikumaliza na sijui kama nitamaliza. Nimetaka ulisikie kwangu."

Mama Imma amefumba macho. Mzee Cosimo alikuwa ameingia kutoka bustanini, udongo mikononi, sijui tangu lini, amesimama nyuma ya pazia la mlango.

Bibi yule hasikii vizuri, na wasiosikia vizuri hupayuka, kwa hiyo tulimsikia sote. "Haya, nimesikia," alisema. "Sasa unakuja lini kunitazama? Tangu Krismasi sijakuona."

Saverio alifunika simu kwa mkono, mabega yanamtikisika. Kisha akaifunua. "Kesho, bibi," akasema. "Nakuja kesho."

Mzee Cosimo akasogeza pazia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu jana mchana.

"Mwambie asipike," akasema. "Tutakuja wote na chakula."